Tao limepasuka kigangoni, na kadi ya kanisa la Vezzolano: naomba wanaojua

Mwashi wa Ifunda

Kamwene wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwashi, mwaka wa 19 huu nashika mwiko, zaidi ni nyumba za kuishi na madarasa, upande wa Ifunda na kushuka hadi Mgama. Mwezi wa nane kamati ya ujenzi ya kigango chetu iliniita nikaangalie kanisa la zamani. Nimelisalia tangu utoto, nikabatiziwa humo, lakini kumbe kusali ndani ya jengo si kulijua. Nilikuwa sijawahi kulipima.

Ni dogo. Hatua 26 kwa 11, nilivyolitembea kabla sijatoa tepu. Matofali ya kuchoma, yale makubwa ya zamani ambayo ukilishika moja kiganja hakikutani na vidole, yameunganishwa kwa udongo, na kwa nje maungio yamepigwa chokaa. Lipo tofali moja karibu na mlango wa sakristia lina alama ya kwato ya mbuzi. Yaani mbuzi alikanyaga tofali bichi likiwa linaanikwa, hakuna aliyelitupa, likaingia tanuruni na wenzake na leo lipo ukutani. Madirisha ni ya tao, nusu duara kamili, matano kila upande. Ukuta nilidhani nimekosea tepu, nikapima tena: sentimita 62. Dirisha kwa nje ni jembamba, 45, lakini ukisimama ndani limetanuka hadi 80 na kidogo, kama mdomo wa faneli. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, hakuna. Nondo hata ya dawa hakuna.

Ugonjwa uko hivi. Tao kubwa linalotenga waumini na altare limepasuka juu kabisa, kidole changu cha shahada kinaingia hadi pingili ya kwanza. Madirisha mawili ya upande wa magharibi nayo yana nyufa. Mwenyekiti wa kamati anataka tuzibe matao yote, tumwage lenta, tuweke alumini za mraba. Anasema tao ndilo linalopasua ukuta. Nilishindwa kumjibu, maana ukweli wa Mungu sijawahi kujenga tao linalobeba. Matao ninayojenga mimi ni ya urembo, lenta imejificha juu yake inafanya kazi, tao liko pale kwa ajili ya picha.

Sasa kilichonileta huku. Katekista alinifungulia kabati la sakristia nitafute ramani ya jengo. Ramani hakuna, panya walishamaliza. Kulikuwa na kadi mbili za picha, nyuma zimeandikwa kwa wino: Vezzolano. Wazee wanasema aliziacha padri Mwitaliano aliyekuwa akija kigangoni kwa pikipiki, na alikuwa akisema kwao ni jirani na hapo. Kadi ya kwanza ni uso wa kanisa, mistari ya tofali jekundu na jiwe la rangi ya mchanga, na juu ya mlango safu za vinguzo vidogo zimepandana mara tatu. Mlango na dirisha la hapo ukiviweka pembeni ya vya kwetu utasema mtu na binamu yake. Kadi ya pili ni ya ndani, na hiyo ndiyo imeninyima usingizi: kuna kitu kama ukuta kinakatiza katikati ya kanisa, kimesimama juu ya vinguzo vyembamba, kimejaa watu waliochongwa wamekaa mstari. Halafu kushoto naona matao na ujia, kulia naona ukuta tu. Kanisa gani lina mkono mmoja?

Anayelijua hilo jengo aniambie ni la lini, mtindo wake unaitwaje, na limesimamaje bila chuma. Na kama kuna mwashi mzee humu: kuta zetu zina matundu ya mraba yamepangwa safu kwa safu, popo wanazaliana humo. Ni ya nini?

---

Kijana wa Mafinga

Fundi, samahani, ila swali lako lina jibu fupi. Bomoeni. Krismasi iliyopita nilisali kwenye kanisa la aina hiyo nikiwa nje, chini ya mwembe, mahubiri nayasikia kwa spika iliyopasuka. Watu wameongezeka, jengo halikuongezeka. Mambo ya kutunza kuta za Wazungu waachieni Wazungu wenye hela ya kutunza.

---

Nesi wa Njombe

Kamwene fundi. Nimesoma posti yako wodini zamu ya usiku, nikasimama kabisa kwenye kiti. Vezzolano! Nimefika pale mara nne.

Nilikaa Torino miaka sita, nasoma na huku nahudumia wazee ili nilipe kodi ya chumba. Bibi mmoja niliyekuwa namtunza alizaliwa kwenye vilima vile, na kila mwezi wa tano alidai apelekwe Vezzolano, hata mwaka ambao miguu ilikuwa imevimba kama mbuyu. Mwanae anaendesha, mimi nyuma na bibi na kiti chake cha magurudumu. Njia inapanda kwenye mashamba ya mizabibu hadi mji mdogo unaitwa Albugnano, halafu inashuka tena, na kanisa liko kule chini peke yake. Hakuna duka wala nyumba za majirani. Ukizima gari unasikia ndege tu. Mara ya kwanza nilimwuliza bibi, sasa nani anasali huku? Akaniambia, mimi.

Jina kamili ni Santa Maria di Vezzolano, mkoa wa Asti, jimbo la Piemonte. Maandishi ya kwanza yanayolitaja ni ya mwaka 1095. Watu huliita abasia, lakini waliokaa pale walikuwa makanoni wa Mtakatifu Augustino, mapadri walioishi pamoja kwa kanuni, si wamonaki kama wa Peramiho. Mtindo unaitwa Kiromaneski. Ulitawala Ulaya Magharibi kuanzia kama mwaka 1000 hadi 1200 hivi, kabla ya Kigothiki chenye matao yaliyochongoka. Hilo jina lenyewe wajenzi hawakuwahi kulisikia. Lilibuniwa mwaka 1818 na Mfaransa mmoja, Charles de Gerville, kwa sababu matao ya duara yalimkumbusha ya Warumi wa kale. Kwa hiyo waliojenga Vezzolano walikufa miaka mia sita kabla kazi yao haijapewa jina.

Wakati ule makanisa yalijengwa kila pembe. Mmonaki wa Ufaransa aliyeishi enzi hizo, Raoul Glaber, aliandika kwamba baada ya mwaka 1000 ilikuwa kana kwamba dunia imejikung'uta uzee na kuvaa joho jeupe la makanisa. Na mengi hayakuwa makanisa makuu ya mijini. Yalikuwa kama lako fundi, ya mashambani, yamejengwa kwa udongo na jiwe la palepale, kwa mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Sasa huo ukuta wako wa katikati. Waitaliano wanauita pontile, ni kama daraja. Ulitenga sehemu ya makanoni wanaoimba sala zao na sehemu ya watu wa kawaida. Ukiusogelea unaona tabaka mbili za sanamu. Chini wamekaa mababu wa Bikira Maria, 35, bega kwa bega, kama wazee kwenye benchi la baraza la kijiji. Juu ni habari za Maria mwenyewe: amelazwa, malaika wanamwinua, amekaa na Mwanae. Na rangi bado ipo! Buluu, nyekundu. Mimi nilizoea kuona sanamu za kale za mawe matupu nikadhani ndivyo zilivyotoka kwa fundi, kumbe zilipakwa rangi, mvua na sabuni za watu ndizo zilizozivua. Imeandikwa mwaka pale, 1189, na jina la mfalme aliyetawala, Frederiko, yule wa ndevu nyekundu, Barbarossa. Mwaka uliofuata alikufa maji mtoni, katika nchi inayoitwa Uturuki leo, akiwa njiani kwenda vitani Yerusalemu.

Kuta za namna hiyo zilikuwepo makanisa mengi. Baada ya Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu uliomalizika mwaka 1563, nyingi zilibomolewa ili watu waione altare. Wa Vezzolano ukasalimika, na ndiyo maana bibi alikuwa anausalimia kwanza huo, Ekaristi baadaye. (Padri alijua, alinyamaza.)

Mkono mmoja uliouona ni kweli kabisa, macho yako ya fundi hayakukudanganya. Lilijengwa na ukumbi mkuu na njia mbili za pembeni, kushoto na kulia. Baadaye makanoni wakatengeneza ua wa ndani wenye varanda pande nne, na ujia wa kulia wakaugeuza kuwa upande mmoja wa varanda hiyo. Kwa hiyo hukosi kuuona, ila unauona ukiwa nje! Unatoka kanisani, unazunguka, unajikuta unatembea ndani ya ule mkono uliopotea. Kwenye varanda kuna michoro ya karne ya 14. Mmoja ni wa wapanda farasi watatu wanakutana na maiti watatu wanainuka kaburini, farasi wameshtuka. Watu wa pale wanasimulia kuwa ndiyo yaliyompata Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akiwinda mwaka 773, akaanguka kifafa kwa hofu, mtawa wa msituni akamwambia amwombe Maria, akapona na kujenga kanisa. Ni hadithi, ila ukiwa pale jioni unaielewa.

Halafu enzi za Napoleon makanoni wakafutwa, mali ikachukuliwa, na mwanzoni mwa karne ya 19 ule ua wa michoro ukawa ghala la nafaka. Fikiria, magunia yanaegemea maiti watatu. Kanisa lenyewe likabaki kikanisa cha shamba chini ya parokia ya Albugnano. Kigango, kwa lugha yetu.

Na padri wa pikipiki hakudanganya kuhusu ujirani. Kilomita chache tu kutoka pale ni Castelnuovo, alikozaliwa Giuseppe Allamano mwaka 1851, mwanzilishi wa Wamisionari wa Konsolata, yule Papa Fransisko aliyemtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Shirika alilianzisha Torino mwaka 1901, na mwaka 1919 Wakonsolata wakaingia Iringa kushika misheni za Wajerumani walioondolewa baada ya vita. Hata kule Torino, kanisa la Konsolata lenyewe limejengwa upya mara kadhaa na kupambwa dhahabu kila mahali, lakini pembeni yake umesimama mnara wa kengele wa matofali, wa karne ya 11, umenyooka kama mlinzi asiyehusika na sherehe. Wanafunzi wa Allamano waliupita kila siku.

Ila usikimbilie kusema kanisa lako ni la Waitaliano. Kabla yao Tosamaganga walianza Wabenediktini Wajerumani, miaka ya mwisho ya 1890, na hao nao tao la duara walilinyonya na maziwa. Angalia juu ya mlango au kwenye kengele kama kuna mwaka.

Bibi alishafariki. Mambo ya chuma na lenta nawaachia wenye timazi.

---

Mzee wa Timazi

Nesi ametufundisha, asante mwanangu.

Fundi wa Ifunda, kabla ya yote nijibu maswali mawili. Huo ufa wa tao kubwa, umefunguka zaidi chini, yaani tumboni mwa tao, au juu mgongoni? Na kenchi za paa lenu, zile fremu za mbao zinazobeba paa, ubao wa chini unaounganisha kuta mbili upo?

Nikingoja jibu nikueleze tao. Chukua kitabu cha misale, kifungue, kisimamishe mezani kifudifudi kama paa. Miguu inateleza kwenda nje, kinalala. Kisimamishe tena, safari hii weka tofali kila upande. Kimesimama. Basi. Tao linabeba vizuri kuliko lenta yoyote ilimradi miguu haisogei, na muda wote linaisukuma miguu isogee. Ukuta wako wa 62 si ushamba wa watu wa kale. Hayo ndiyo matofali mawili pembeni ya kitabu. Na huko Ulaya walipoacha paa za mbao, maana zilikuwa zinaungua, wakafunika makanisa kwa dari za mawe, msukumo ukaongezeka, kuta zikanenepa zaidi, madirisha yakabanwa. Ndiyo sababu dirisha lako ni jembamba nje na pana ndani: ukuta haupotezi nguvu nyingi, na mwanga ukishaingia unagonga zile mbavu zilizokatwa mshazari unasambaa. Dirisha la mraba la alumini la mita moja na nusu utakata mguu wa jengo kisha uuite maendeleo.

Matundu ni ya jukwaa. Ukuta ukipanda, unaacha tundu, unachomeka mti, unalaza mbao, unasimama hapo kupandisha kozi zinazofuata. Ukimaliza unachomoa mti. Wengine huziba kwa nusu tofali, wengine huacha kwa ajili ya matengenezo ya baadaye. Makanisa ya Kiromaneski yamejaa matundu hayo hayo. Popo ni wageni tu.

Nilijifunza tao nikiwa kibarua kwenye misheni upande wa Njombe, miaka ya sitini. Tulitengeneza fremu ya mbao ya nusu duara, tukaisimamisha juu ya nguzo, chini ya kila nguzo kabari mbili zinazopishana. Matofali yanapangwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, mwashi wa kushoto asimtangulie wa kulia hata tofali mbili, la sivyo fremu inalemea. La katikati linaingia mwisho, kwa nyundo ya mbao. Kutoa fremu ndipo penye kazi. Msimamizi wetu hakubomoa. Jioni alilegeza kabari kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti, akatutuma nyumbani. Asubuhi tao lilikuwa limeshuka na kuifuata mbao, limekaa. Akalegeza tena njiti moja. Safari hii mbao ilishuka, tao likabaki. Akapitisha ukurasa wa gazeti katikati ya mbao na tofali, kutoka mwisho hadi mwisho, haukukwama. Ndipo akasema toeni.

---

Mwashi wa Ifunda

Shikamoo mzee. Nimerudi kanisani na ngazi na tochi.

Ufa umefunguka chini. Tumboni kidole kinaingia, mgongoni karatasi haipiti. Na mabegani mwa tao, kushoto na kulia, kuna nyufa ndogo ambazo zenyewe zimefunguka upande wa juu. Hizo sikuwa nimeziona.

Kenchi... mzee, nimeona aibu kwa niaba ya wenzangu. Miaka michache nyuma kamati iliyopita ilimleta fundi kutoka mjini aweke dari ya jipsamu, na akina mama wa kwaya walitaka iwe juu-juu ili kanisa lionekane kubwa. Akakata mbao za chini za kenchi tano, zote za upande wa altare, akapigilia vipande vifupi juu karibu na kilele. Alama za msumeno zipo, mpya kabisa ukilinganisha na mbao. Nilishusha uzi wa timazi ukuta wa magharibi: kutoka juu hadi chini umelala nje sentimita 4.

Na bati la mfereji wa maji upande huo halipo. Maji ya paa yanaanguka mguuni pa ukuta, yamechimba mtaro wa kina cha kiwiko.

Dada nesi, juu ya mlango hakuna mwaka. Kengele ina maandishi ila popo wameiheshimisha, nitaisafisha.

---

Mzee wa Timazi

Marahaba. Basi umeshapata mgonjwa wako, na si tao.

Ufa ukifunguka tumboni katikati na mgongoni mabegani, ujue miguu imeachana. Tao limekaa chini kidogo kufuata kuta zilizomkimbia. Lingekuwa lenta ya zege lingekatika. Paa lenu lilipokatwa mbao za chini, kila kenchi ikawa kile kitabu cha misale, inasukuma kuta nje, kila siku, na maji yanalegeza ardhi chini. Ukimwaga lenta juu ya ukuta unaotembea, utakuwa umemvisha mgonjwa koti zito.

Fanya hivi. Mfereji kwanza, kesho si keshokutwa, hata wa bati la mtumba. Mtaro uzibwe kwa udongo wa kushindilia, uelekee nje. Kenchi zirudishiwe mbao za chini, nene, kwa bolti si misumari. Usiguse tao hata kidogo. Bandika vipande vya kioo chembamba kukatiza ufa, kwa jipsamu, kimoja juu kimoja chini, uandike tarehe. Kioo hakivutiki: ukuta ukisogea hata unywele, kinakatika. Ngoja masika yote ipite. Vioo vikibaki vizima hadi mwezi wa tano, ndipo uzibe nyufa, na usizibe kwa saruji tupu. Tofali lile ni laini na udongo ni laini. Saruji ni ngumu kuliko vyote viwili, itashika unyevu ndani na kumega tofali pembeni yake. Chokaa iliyolowekwa siku nyingi na mchanga laini, basi.

Kijana wa Mafinga naye asipuuzwe. Hoja ya viti ni ya kweli.

---

Nesi wa Njombe

Mzee umenikumbusha kitu. Makanisa mengi ya zamani Italia nimeona fito za chuma zinakatiza matao kwa ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, na ukitoka nje unaona kipande cha chuma kama herufi kubwa kimebana ukuta pale fito inapoishia. Nilidhani ni za kutundikia taa. Mwana wa bibi akaniambia zinaitwa catene, minyororo, ni za kuzuia kuta zisiachane. Kumbe ugonjwa wa kigango cha Ifunda wanaujua hata wao.

---

Kijana wa Mafinga

Haya nimeelewa kenchi. Lakini baada ya kenchi watu bado wako chini ya mwembe.

---

Mzee wa Timazi

Vezzolano walikuwa na njia mbili za pembeni wakaifanya moja varanda. Ninyi hamna hata moja. Siku ukuta ukishatulia, upande wa mashariki ambao ni mzima, madirisha matano yanaweza kushushwa hadi sakafuni, moja baada ya jingine, yakawa matao matano, na nje yake mkajenga ujia wenye paa la mteremko. Benchi kama 12 zinaingia. Hiyo si kazi ya kukimbiza Krismasi. Na wala si ya fundi wa jipsamu.

---

Mwashi wa Ifunda

Wapendwa, taarifa.

Kikao kilichukua saa tatu. Nilikwenda na misale na matofali mawili. Mwenyekiti alikisimamisha kitabu mwenyewe, kikalala, akakisimamisha tena, kikalala. Hakusema kitu, ila pesa ya alumini imehamia kwenye bolti na mbao. Kenchi tatu kati ya tano zimeshaunganishwa. Ujia wa pembeni umeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama "pendekezo la wataalamu wa mtandaoni", mzee hapo ni wewe.

Kengele nimeisafisha kwa siki na mchanga. Haina mwaka, ina msalaba na neno moja la Kilatini, VENITE. Katekista anasema ni "njooni".

Vioo nilibandika vinne, tarehe nikaandika kwa ncha ya msumari kwenye jipsamu ikiwa mbichi: viwili tao kubwa, kimoja kila dirisha lenye ufa. Mfereji tulifunga wote isipokuwa kipande cha mwisho, mita tatu, bati liliisha na duka la Ifunda lilikuwa halina. Nikasema tutamalizia wiki ijayo.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha juzi usiku. Leo asubuhi nimepita na tochi. Tao kubwa, vioo vyote viwili vizima. Dirisha la tatu, kizima. Dirisha la tano, lililo chini ya zile mita tatu, kioo kimekatika katikati, kimenyooka kama kimekatwa kwa almasi.

Nipo barabarani nasubiri Hiace ya kwenda mjini kununua bati.